Mama wa Nyumbani na Furaha ya Wito Wake: Maswali Tisa na Majibu

Katika mitaa ya Dar es Salaam mama wa nyumbani huitwa "golikipa", na wengi wanaolitaja jina hilo hawalitaji kwa sifa. Mwanamke mwenye shahada aliyeacha kazi ya ofisini ili alee watoto wake huulizwa harusini, "Siku hizi uko wapi?" Akijibu kwamba yuko nyumbani, maongezi huhamia kwa aliyeketi pembeni yake. Kesho yake, kanisani, huenda akasikia mahubiri yanayomsifu mama asiyechoka, asiyelalamika, ambaye machozi yake hayaonekani na mtu.

Dharau ile na sifa hizi zote hazimsaidii. Yeye ana maswali ya kweli kuhusu hela, mume, usingizi, sala na uzee. Yafuatayo ni maswali tisa ambayo wanandoa Wakatoliki huyarudia katika semina za ndoa na kwenye jumuiya ndogo ndogo. Majibu yamejengwa juu ya hati za Kanisa, maisha ya watakatifu waliokuwa na familia, na sheria za Tanzania na Kenya.

Je, kukaa nyumbani kulea watoto ni wito, kama utawa ulivyo wito?

Wito wenyewe ni ndoa. Siku ya harusi mume na mke waliweka ahadi mbele ya Mungu, na ahadi hizo zinatosha. Hakuna nadhiri nyingine ambayo mama anaiweka siku anapoandika barua ya kuacha kazi. Kukaa nyumbani ni namna mojawapo ya kuuishi wito huo wa ndoa, na ni namna yenye heshima kubwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliieleza familia kuwa ni Kanisa la nyumbani, na wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Hayo yamo katika hati ya Lumen Gentium ya tarehe 21 Novemba 1964. Hati hiyohiyo inafundisha kwamba Wakristo wote wameitwa kwenye utakatifu, kila mmoja kwa njia ya hali yake ya maisha. Kwa hiyo kumwogesha mtoto, kupika, kufua sare za shule na kumsikiliza binti aliyenuna si mambo ya kuyamaliza haraka ili mama apate nafasi ya kumtafuta Mungu. Anamtafuta humohumo.

Mfano wa karibu na maisha ya wengi ni Mwenyeheri Anna Maria Taigi wa Roma, aliyeishi kuanzia 1769 hadi 1837. Mumewe Domenico alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu wakubwa, tena mtu mwepesi wa hasira. Walipata watoto saba, na katika nafasi yao finyu waliwatunza pia wazazi wa Anna Maria. Kesi ya kumtangaza mwenyeheri iliposhughulikiwa, mmoja wa walioitwa kutoa ushahidi alikuwa Domenico mwenyewe, akiwa mzee sana. Papa Benedikto XV alimtangaza mwaka 1920.

Basi Kanisa linamtaka kila mama aache kazi?

Hapana. Tangu Papa Pio XI alipoandika Quadragesimo Anno mwaka 1931, Kanisa limekuwa likilaumu mfumo wa mishahara midogo unaomlazimisha mama kuwaacha watoto wake kwa sababu kipato cha baba hakitoshi. Lawama inamwendea mwajiri na jamii. Haimwendei mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II aliyaweka pamoja mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha. Katika Familiaris Consortio, namba 23, alisema kwamba hadhi sawa ya mwanamke na mwanamume inampa mwanamke haki kamili ya kushika kazi za hadhara. Papo hapo alisema jamii ipangwe kwa namna ambayo wake na akina mama hawatalazimika kufanya kazi nje ya nyumba, na kwamba familia zao ziweze kuishi kwa heshima hata wanapojitoa kabisa kwa ajili ya nyumba. Katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995 aliwashukuru akina mama, akawashukuru pia wanawake wafanyakazi.

Watakatifu wanathibitisha hivyo. Gianna Beretta Molla, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2004, alikuwa daktari wa watoto na mama wa watoto wanne. Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alikuwa mwanamke wa biashara. Alitengeneza lesi ya mji wa Alençon, Ufaransa, kazi ya sindano na uzi ambayo kila sentimita moja ya mraba hula saa zipatazo saba. Aliajiri wanawake waliofanya kazi majumbani mwao na kumletea vipande, naye akaviunganisha nyumbani kwake, watoto wakiwa karibu. Mama wa ofisini na mama wa nyumbani wakikutana katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, hakuna mwenye sababu ya kumwangalia mwenzake kwa jicho la chini.

Nani anaamua kwamba mama abaki nyumbani?

Mke na mume, pamoja. Mume anayetoa amri, "Kuanzia mwezi ujao huendi kazini," hajaanzisha wito. Amemwondolea mkewe uhuru wa kuitikia. Vilevile mke anayeacha kazi bila kumshirikisha mumewe amembebesha mzigo ambao hakuukubali. Papa Yohane Paulo II, katika Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, alifundisha kwamba utii kati ya mume na mke katika Kristo ni wa pande zote mbili.

Wapo wengine ambao hupenda kuamua: mama mkwe, marafiki, dada wa mume, hata kiongozi wa jumuiya. Wasikilizwe kwa heshima, kisha wenye ndoa waamue. Maswali ya kujiuliza yanafahamika. Mshahara mmoja utalipa kodi ya nyumba, chakula na ada? Mama mwenyewe anataka, au amechoshwa na bosi tu? Wamesali juu ya jambo hili kwa muda gani? Baba yuko tayari kubadili nini katika ratiba yake? Jibu la swali la mwisho huonyesha mapema mambo yatakavyokuwa.

Siku zote zinafanana. Furaha itoke wapi?

Ni saa nne asubuhi. Uji umemwagika sakafuni, mtoto wa mwaka mmoja anautembeza kwa viganja, nguo zimelowekwa tangu alfajiri, maharage yanachemka, na muuza samaki anapiga hodi. Mama hajanywa chai. Akiambiwa wakati huo kwamba anapaswa kuwa na furaha, atasikia amepewa kazi nyingine.

Furaha ya Kikristo haimdai mtu atabasamu kutwa. Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Wagalatia, anaitaja miongoni mwa matunda ya Roho Mtakatifu, na tunda hukomaa kwa muda wake. Zélie Martin aliwaandikia ndugu zake barua nyingi ambazo zimehifadhiwa hadi leo. Ndani yake kuna uchovu, hofu ya magonjwa, kazi ya lesi iliyomlemea, na majonzi ya kuzika watoto wanne kati ya tisa. Humohumo kuna upendo kwa mumewe na vituko vya mabinti zake. Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mumewe Louis.

Yapo mambo yanayoilisha furaha hiyo, nayo ni madogo na ya kila siku. La kwanza ni sala inayoingia katika kazi. Malaika wa Bwana husaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, na huchukua dakika chache. Mama anaweza kuisali amesimama jikoni, mtoto mgongoni ndani ya kanga. Fumbo moja la rozari wakati wa kuanika nguo ni sala kamili. Mama mwenye kichanga asijilaumu kwa kukosa saa nzima ya kuabudu Ekaristi kama alivyozoea usichanani.

La pili ni wenzake. Upweke humla mama wa nyumbani kuliko kazi. Maaskofu wa Afrika Mashariki na ya Kati, kupitia AMECEA, waliziweka jumuiya ndogo ndogo katikati ya uchungaji wao miaka ya 1970, na kwa mama anayeshinda na watoto peke yake jumuiya ni mlango wa kutokea. Anasoma Injili na majirani, anajulikana kwa jina lake mwenyewe na si kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu. Jumuiya nayo ina wajibu: wanajumuiya wakivumilia kelele za watoto, mama atarudi wiki ijayo.

La tatu ni mpaka. Nyumba haiishi kazi. Mama aliyeamua kwamba baada ya chakula cha usiku hafui wala hapigi pasi amejipatia jioni. Na kipaji chake kisife. Aliyekuwa anaimba kwaya aendelee kuimba, na aliyependa kusoma awe na kitabu karibu na kitanda.

Na huzuni ikikataa kuondoka, ni upungufu wa imani?

Si upungufu wa imani. Baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia bila sababu na kubadilika hisia kwa siku kadhaa. Hali hiyo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili, au mama akishindwa kulala hata mtoto amelala, akikosa hamu ya kula, akijiona hafai, au akipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona ya uzazi. Ni ugonjwa, una matibabu, na mahali pa kwanza pa kwenda ni kituo cha afya. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto hayasubiri wiki ziishe: aende siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Padre anaweza kusali naye na kumpa sakramenti, na hayo ni mema makubwa. Ila padre mwenye busara atauliza pia, "Umeshamwona daktari?" Mume, mama mzazi na wanajumuiya wasimwambie ajikaze. Wamshike mtoto, wapike, na mmoja wao amsindikize hospitali.

Hela je? Mama asiye na mshahara asimame vipi?

Hapa ndipo furaha ya nyumba nyingi hupotea. Mama anayeachiwa hela ya matumizi kila asubuhi, kisha akatakiwa kueleza nyanya zilinunuliwa bei gani, anaishi kama mdogo wa mumewe. Katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alidai mshahara unaotosha kuitunza familia, au ruzuku kwa akina mama wanaojitoa kabisa kwa ajili ya nyumba. Mantiki yake ni kwamba kazi ya mama ni kazi. Kwa hiyo mshahara wa baba ni pato la nyumba, na wote wawili waujue kiasi chake, waupangie bajeti pamoja mwisho wa mwezi, na kila mmoja abaki na fungu dogo asilolitolea maelezo.

Mama ajiwekee pia. Kikoba cha jirani au SACCOS ya parokia humpa akiba na mkopo, na mwenye mradi mdogo wa kuku, maandazi au ushonaji anaweza kuchangia NSSF kwa hiari, awe Tanzania au Kenya. Mke mwema anayeelezwa katika sura ya 31 ya kitabu cha Methali ananunua shamba na kuuza nguo. Biblia haikumwona amepungukiwa wito.

Sheria nayo inatambua jasho lake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaiagiza mahakama inapogawa mali ya wanandoa kuangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Kifungu cha 59 kinakataza mmoja wao kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kenya iliandika waziwazi katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kwamba mchango usio wa fedha unajumuisha kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifafanua kwamba mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe. Kila upande huthibitisha mchango wake. Risiti na hati zitunzwe, na kiwanja kiandikwe majina mawili. Kufanya hivyo hakuivunjii ndoa heshima; mjane aliyewahi kufukuzwa na ndugu wa marehemu atamweleza yeyote mwenye shaka kwa nini.

Mume akirudi amechoka, bado ana kazi nyumbani?

Anayo. Mke naye amekuwa kazini kutwa. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya 2016, namba 286, anasema mume hapungukiwi uanaume wake kwa kushika kazi fulani za nyumbani au za malezi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1136, inaweka wajibu mzito wa malezi juu ya wazazi, bila kumtaja mama peke yake.

Louis Martin alikuwa fundi saa mwenye duka lake. Mwaka 1870 alimwachia mpwa wake duka hilo ili asimamie biashara ya lesi ya mkewe, iliyokuwa inakua. Wanaume wa leo hawahitaji kwenda mbali hivyo. Kumwogesha mtoto jioni, kukagua daftari la hesabu, kuamka usiku mtoto anapokohoa, na kumwachia mkewe Jumamosi mchana atoke peke yake ni mwanzo unaotosha. Sheria hazimsaidii sana baba: Tanzania likizo ya uzazi ya mama ni siku 84, lakini baba alipewa siku 3 tu katika sheria ya kazi ya mwaka 2004; Kenya baba hupewa wiki 2. Mume mwenye siku za likizo ya mwaka azipange ziangukie kipindi mke anapojifungua.

Papa Fransisko alirudia mara nyingi maneno matatu kwa wanandoa: naomba, asante, samahani. Asante ndilo ambalo mama wa nyumbani hulisikia kwa nadra.

Ni uvivu kuwa na dada wa kazi wakati mama yupo nyumbani?

Si uvivu. Bibi zetu walilea wakiwa na mashemeji, wadogo na majirani ndani ya ua mmoja. Mama wa leo wa chumba na sebule mara nyingi yuko peke yake. Msaada ni halali, ilimradi uwe wa haki: mshahara unaolipwa kwa wakati, chakula kilekile wanachokula wengine, mapumziko, na nafasi ya kwenda Misa Jumapili. Msichana wa umri wa kuwa darasani aachwe asome.

Na macho ya mama yasiondoke. Hata kwa Zélie Martin, mtumishi wa nyumbani alimnyanyasa kwa siri binti yake Léonie kwa muda mrefu, na mama hakugundua hadi 1877, miezi michache kabla ya kufa kwa saratani ya titi. Mtoto anayebadilika tabia, anayeogopa kubaki na mtu fulani, asikilizwe bila kukatizwa.

Watoto wote wakishaanza shule, mama afanye nini?

Malezi hayaishi, ila saa za mchana hurudi. Wapo wanaoendelea kukaa nyumbani kwa sababu kuna mzazi mgonjwa au mtoto mwenye ulemavu. Wengine hufundisha katekesimu au huchukua uongozi WAWATA, wengine hupanua mradi, na wengine hurudi kazini. Yote haya yanaweza kuwa mwendelezo wa wito uleule wa ndoa, na aliyerudi kazini hajausaliti.

Anayefikiria kurudi aanze kujiandaa akiwa bado na mtoto mdogo. Nesi, mwalimu au mhasibu ahuishe leseni yake kila inapodaiwa, ahudhurie mafunzo mafupi, na asikate mawasiliano na wenzake wa zamani. Mume na mke wapange tarehe ya kulizungumza, tuseme muhula mmoja kabla kitinda mimba hajaanza darasa la kwanza, waweke bajeti mezani, na waulizane kila mmoja anatamani nini kwa miaka mitano inayofuata.